Madrasa, chuo, seminari: tunataja kitu gani hasa?

Wiki moja kabla shule hazijafunguliwa nilikuwa soko la Mbuyuni, hapa Moshi, nasubiri kupimiwa maharage. Pembeni yangu mama mmoja aliyejitanda ushungi alikuwa akimsimulia muuza ndizi kwamba kijana wake kapata nafasi seminari, kule Same. Muuza ndizi, mama wa Kibosho, akaacha kupanga vichane vyake, akamshika mkono. "Hongera dada! Yaani unamtolea Mungu padri!" Tulicheka mpaka mwenye maharage akapoteza hesabu ya kilo. Yule mama wa Kibosho alitushinda wote kwa kucheka alipoelezwa kuwa seminari za Kiislamu nazo zipo, na kwamba kijana anakwenda kusoma fizikia na kemia kama mwanawe mwenyewe aliyeko bweni Uru.

Kosa halikuwa lake. Sisi Waislamu wenyewe tunayavuruga maneno haya kila siku. Mwaka 2023, Wizara ya Elimu ilipozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi wa mtaa wetu swali lilizuka usiku ule ule: na madrasa je? Mmoja akaandika kwamba madrasa zimefungwa. Wa pili akasema serikali haina mamlaka na mambo ya dini. Wa tatu, ambaye mwanawe analala kwenye kituo cha kuhifadhisha Kurani, akakaa kimya, na yeye ndiye swali lilimhusu. Watu hamsini walikuwa wakibishana juu ya neno moja, kila mtu na picha yake kichwani.

Tuanze basi na neno lenyewe.

Madrasa ni Kiarabu, maana yake mahali pa kusomea. Mzizi wake ndio uliotupa darasa, darsa na kudurusu. Mtoto yeyote wa Kitanzania anayesema yuko darasa la pili, awe Mlutheri au Mkatoliki, ana kipande cha madrasa kinywani. Neno shule tulilipata kwa Wajerumani. Kwa hiyo kwa asili madrasa na shule ni kitu kimoja katika lugha mbili, na kule Misri mtoto akikuambia anakwenda madrasa huenda anakwenda kusoma hesabu katika shule ya serikali. Ni huku kwetu ndipo neno lilipobanwa likabaki na maana ya pale watoto wanapofundishwa Kurani.

Jina letu la zamani la mahali hapo lilikuwa chuo. Pwani, chuo kilikuwa kitabu, kisha kikawa mahali pa kukisomea. Ndiyo maana mzee wa Pangani atakuambia "nilipokuwa chuoni" akimaanisha utoto wake juu ya mkeka, wala hajakanyaga chuo kikuu maishani. Na ndiyo maana mwanachuo na mwanachuoni ni watu wawili tofauti: wa kwanza anasubiri pesa za bodi ya mikopo, wa pili ni alimu aliyezeeka na vitabu. Nimewahi kuona tangazo la mechi kati ya "wanachuoni" wa vyuo viwili. Ningelipa kiingilio kuona masheikh wenye ndevu nyeupe wakigombea mpira wa kona.

Jina moja, nyumba nyingi

Ile inayowajia watu wengi kichwani ni madrasa ya mtaa. Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kizingiti cha moja huko Njoro. Ni chumba kilichopachikwa ubavuni mwa msikiti, mabati bila dari, mikeka ya plastiki, ndala zimemwagika mlangoni kama zimeshushwa na lori. Watoto kama arobaini, wa miaka mitano hadi kumi na mitatu, wote wanasoma kwa sauti, na hakuna wawili wanaosoma kitu kimoja. Mgeni atasema ni fujo. Lakini mtazame mwalimu: ameketi, na mbele yake yuko mtoto mmoja tu, msahafu juu ya marufaa. Binti wa miaka kama minane anasoma, mwalimu anasikiliza huku macho yake yako dirishani. Binti akitamka kaf mahali pa qaf, kiganja kinapiga sakafu. "Rudia." Anarudia. "Itoe ndani kooni." Si madaha hayo: kwa Kiarabu qalb ni moyo, kalb ni mbwa. Akiipata, anainuka, anayefuata anaingia. Pembeni kijana wa miaka kumi na miwili ana wadogo watatu, anawapeleka alifu, be, te, na anapiga sakafu vile vile alivyopigiwa yeye.

Hapo hakuna darasa la kwanza wala la pili. Kila mtoto ana mahali pake alipofikia, na anasogea kwa mwendo wake. Ukitaka mfano wa karibu, nenda gereji yoyote ya Majengo. Vijana sita chini ya fundi mmoja: huyu bado anafungua nati, yule ameshaaminiwa kushusha injini, na aliyefika mwaka jana anamfundisha aliyefika jana. Fundi hatoi mhadhara. Anasikiliza mlio wa injini kama maalimu anavyosikiliza herufi. Wataalamu wa elimu wana maneno yao makubwa ya kueleza kujifunza kwa namna hiyo, kwa kutazama, kuiga na kusahihishwa hadharani mbele ya wenzako. Kwenye mkeka wa Njoro kunaitwa kusoma tu.

Masomo yenyewe huanza na herufi, kisha irabu zake, fataha, kasra na dhumma, kisha sura fupi za mwisho wa Kurani, zile 37 za juzuu ya thelathini tunayoiita Juzuu Amma. Hapo katikati mtoto hufundishwa kutawadha, nguzo za sala, dua za kula na kulala, adabu kwa wazazi na majirani. Ada ni ndogo na wengi hawailipi. Maalimu ninayemsema hapa ni fundi cherehani asubuhi. Bila cherehani ile madrasa ingekufa.

Nyumba ya pili ni kituo cha kuhifadhisha Kurani, yaani hifdhi. Hapa mtoto haji jioni kwa saa mbili; mara nyingi analala hapo hapo. Piga hesabu ujue kwa nini. Msahafu unaochapwa Madina una kurasa 604. Mtoto akimeza nusu ukurasa kwa siku, siku tano kwa wiki, anahitaji wiki 242, miaka minne na nusu na zaidi, bila likizo, bila malaria, na bila kuhesabu muda wa kurudia vya nyuma visipotee, ambao ndio mzigo mkubwa kuliko kuhifadhi kwenyewe. Wazazi wenye haraka huona heri mtoto alale pale. Na hapa ndipo neno madrasa linapoficha jambo. Madrasa ya jioni haina kitanda, kwa hiyo waraka wa bweni haukuwa na cha kuifanya. Lakini mahali panapolaza watoto hamsini ni mahali panapolaza watoto hamsini, ukutani pakiandikwa vyovyote. Shule ina Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Makao ya watoto na vituo vya kuwalea mchana vina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mzazi anayemwacha mtoto wa miaka saba mahali asipojua choo kiko wapi wala nani analala naye chumba kimoja, hawezi kuniambia kwamba kuuliza ni kukosa imani. Mtume aliamrisha ngamia afungwe kwanza, ndipo mtu amtegemee Mungu.

Ya tatu ndiyo ile ya kijana wa Mbuyuni: shule ya Kiislamu, ambayo mara nyingi huitwa seminari. Same kuna Kirinjiko, na ziko nyingine nyingi nchini. Hii ni shule kamili iliyosajiliwa, inafuata mtaala wa taifa, mitihani yake ni ile ile ya NECTA, na juu yake inaongeza Kiarabu, Kurani na sala za jamaa. Mtoto akifeli hesabu pale, amefeli hesabu. Hakuna cheti cha huruma.

Ya nne huwa inasahaulika kwa sababu haina jengo. Ni kipindi cha dini ndani ya shule ya kawaida, pamoja na somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu linalotahiniwa kidato cha nne sambamba na Maarifa ya Biblia ya wenzetu. Mtoto wa shule ya kata anaweza kulichukua. Mtihani wake huandikwa kwa Kiswahili, na nimewajua vijana ambao karatasi ile ndiyo iliyowapa nafasi ya kuonyesha kwamba wanajua kujenga hoja, baada ya Kiingereza kuwafunga mdomo kwenye masomo mengine.

Kisha kuna vyuo vya juu, kama Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kilichoanza mwaka 2005, ambako mtu anasomea ualimu au sheria. Sina mengi ya kusema juu yake. Ni chuo kikuu, kina foleni ya usajili kama vingine.

Ya mwisho ni darsa, somo la dini la watu wazima, nayo nitaiacha kwa sasa kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Maji haya yanatoka kwa nani?

Kuna jambo moja la elimu hii ambalo mtu aliyezoea vyeti vya serikali hulipata kwa shida. Katika mapokeo ya Kiislamu, elimu haitolewi na jengo. Inatolewa na mtu aliyeipokea kwa mtu. Mwanafunzi akimaliza kitabu mbele ya mwalimu, mwalimu humpa ijaza, idhini ya kukifundisha, na ijaza hiyo hutaja mwalimu alikipokea kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka juu kabisa. Mnyororo huo huitwa isnadi.

Wachaga hawahitaji kuelezwa sana hapo. Wanao mfongo. Mfereji unachukua maji juu mlimani, unapita shamba kwa shamba mpaka kwa yule wa chini kabisa anayemwagilia maharage. Wa chini akiona maji yana tope hagombani na maji. Anapanda juu kuuliza mfongo umepasuka kwa nani. Isnadi ni swali hilo hilo: maji haya yanatoka kwa nani, na nani alikuwa na zamu ya kusafisha? Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na sauti nzuri, kanzu nyeupe na wafuasi elfu kumi kwenye simu, na mwanachuoni mmoja mzee wa Tanga akauliza swali moja tu, "Kasoma kwa nani?", na mazungumzo yakaishia hapo.

Majina ya watu nayo yanafuata mantiki hiyo, ingawa mtaani tumeyalegeza. Maalimu au ustadhi ni mwenye kufundisha. Imamu ni anayesalisha, na anaweza kuwa muuza viatu mwenye kisomo kizuri. Sheikh ni heshima ya elimu au umri, na mara nyingine ya kanzu tu. Kadhi anahukumu. Mufti anatoa fatwa, na fatwa ni jibu la kitaalamu kwa swali lililoulizwa. Kwenye magazeti yetu neno hilo limekuwa kama hukumu ya kifo, wakati fatwa nyingi zinahusu mambo kama je, dawa ya kupulizia puani inafunguza saumu?

Dini na dunia zilitengana lini?

Siku hizi tunazungumza kana kwamba elimu ya dini na elimu ya dunia zilizaliwa mbali mbali. Imamu Ghazali, mwanachuoni aliyefundisha katika chuo cha Nizamiyya, Baghdad, na kufariki mwaka 1111, aliigawa elimu kwa namna nyingine. Iko faradhi ya kila mtu, kama kujua kusali. Na iko faradhi ya kutoshelezana, fardhi kifaya, ambayo wakipatikana wa kuitimiza, wengine wamesalimika, na wakikosekana, mji mzima una dhambi. Mazishi ndiyo mfano tunaoujua wote: si lazima kila mmoja aoshe maiti, lakini maiti asipooshwa hakuna aliyepona. Humo humo Ghazali akaweka utabibu na hesabu, na akalalamika kwamba watu wanasongamana kwenye fikihi, yaani sheria za dini, huku miji haina tabibu Mwislamu. Malalamiko ya miaka mia tisa iliyopita, ungedhani yameandikwa jana.

Kilichotutenganisha huku kina tarehe za karibu zaidi. Mapadri walifungua misheni Kilema, huku Kilimanjaro, mwaka 1890, Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, wakaja mwaka 1893. Shule zikapanda mlima pamoja na kanisa. Uislamu ulifika na misafara ya biashara ya pwani, kisha na reli iliyofika Moshi mwaka 1911, ukakaa zaidi mjini, kwa baadhi ya koo za Machame, na kule Usangi na Ugweno, milima ya Upare. Waingereza walipoanza kutoa ruzuku miaka ya 1920, ilikwenda kwa shule zilizokidhi masharti yao, na hizo kwa sehemu kubwa zilikuwa za misheni. Madrasa haikuhesabiwa kuwa shule. Mzazi Mwislamu akabaki na uchaguzi mchungu: mtoto asome na huenda arudi na jina jingine, au abaki na jina lake bila shule. Wazee wengi tuliowazika walichagua la pili, na wajukuu zao ndio wanaowalaumu leo kwa "kuchukia elimu". Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ikataifisha shule nyingi za mashirika ya dini, mlango ukafunguka kwa wote, lakini mgawanyo ulikuwa umeshazoeleka: asubuhi shule, jioni madrasa, na hakuna kinachojua habari za mwenzake.

Wengine walijaribu kushona upya. Misri, sheria ya mwaka 1961 ilikiongezea chuo cha Al-Azhar, ambacho kina zaidi ya miaka elfu moja, vitivo vya udaktari na uhandisi na kitivo cha wanawake. Indonesia mawaziri watatu walikubaliana mwaka 1975 kwamba cheti cha madrasa kiwe sawa na cha shule, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya masomo iwe ya kawaida. Karibu zaidi nasi ni Mombasa, ambako miaka ya 1980 wazazi Waislamu waliona watoto wao hawako tayari kwa darasa la kwanza. Kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, Bi Swafiya Said akaanza kuwafundisha wanawake wa mitaa hiyo hiyo kuendesha elimu ya awali ndani ya madrasa: mtoto anahesabu vifuu na kokoto, anaimba, anajifunza dua, vyote kwenye mkeka mmoja. Mpango ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Hakuna kitu cha kigeni mle. Vifuu tunavyo.

Tunayoambiana vibarazani

"Madrasa wanafundisha Kiarabu." Hapana. Wanafundisha kusoma herufi za Kiarabu, na hiyo ni tofauti kubwa. Wengi wetu tunaweza kusoma ukurasa mzima bila kujua tulichosema, kama kwaya ya parokia inavyoimba Gloria kwa Kilatini ikapendeza bila wanakwaya kuweza kuagiza chai kwa Kilatini.

Kutoka hapo watu huruka hadi la pili: kukariri bila kuelewa ni kupoteza muda. Hapa nina neno. Mkulima wa kahawa akishamenya mbivu, akachachusha, akaosha na kukausha, anabaki na kahawa ya maganda. Hainyweki. Lakini inatunzika, inasafirishika, na bila hatua hiyo hakuna kitakachofika kwenye kikombe. Kumbukumbu ya mtoto ni ghala la kahawa ya maganda. Kosa letu liko mbele zaidi: tunaliacha gunia ghalani miaka thelathini, halikobolewi, halikaangwi, kisha tunajisifu kwamba tuna gunia.

"Wasichana hawasomi dini." Nenda uhesabu viatu mlangoni. Bibi Aisha, mke wa Mtume, amepokewa hadithi zaidi ya 2,000, na masahaba wa kiume walikuwa wakimwendea kuuliza. Morocco tangu mwaka 2006 inawasomesha wanawake rasmi kuwa waelekezi wa dini misikitini. Hapa kwetu madrasa nyingi za mitaa zinashikiliwa na maustadha, ila mabango huandikwa majina ya waume zao.

Kuhusu madrasa na itikadi kali, sitasema kwamba hofu hiyo haina mahali popote. Nitasema haikai hapo watu wanapoielekeza. Chumba cha Njoro kina madirisha mawili na mlango ulio wazi kwenye njia ya kwenda kisimani. Nusu ya mtaa inasikia kinachofundishwa, akiwemo jirani Mpentekoste anayelalamikia kelele. Kijana anayeharibika siku hizi huharibikia peke yake, na simu, saa sita za usiku, kwa mwalimu asiyejua jina lake.

Na fimbo? Ipo, na sikubaliani nayo inapotua kwenye mgongo wa mtoto. Nilipigwa kwa sababu ya herufi dhad mpaka leo nikiifikia kwenye sala nakaza meno. Wapo maalimu walioitupa na madrasa zao zimejaa.

Saa ishirini na nne

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Watu hufikiri madrasa inashindana na shule. Shule na madrasa zilishapatana zamani: hii asubuhi, ile jioni. Anayeiua madrasa anaitwa tuisheni.

Mchukue mtoto wa darasa la sita wa Bomambuzi. Ameamka alfajiri, saa mbili yuko darasani, saa tisa anatoka. Zamani saa kumi alikuwa kwenye mkeka. Siku hizi saa kumi yuko tuisheni, na Jumamosi tena. Maalimu humwona mara mbili kwa wiki, kisha mara moja, kisha Ramadhani tu. Akifika la saba kuna kambi ya mtihani. Akienda sekondari ya bweni ndiyo basi. Sijasema mzazi amekosea. Matokeo ya mtihani hubandikwa ukutani na mapungufu ya dini hayabandikwi. Lakini ona kinachotokea. Yule binti wa Njoro atakua awe mhasibu au mhandisi. Elimu yake ya dunia itaendelea miaka kumi na tano mingine. Elimu yake ya dini itabaki pale pale ilipokatikia, na akili ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Siku akifiwa, akiachwa, akirithi, akitaka kukopa benki, atayatazama mambo hayo mazito kwa majibu aliyopewa kabla hajavunja ungo.

Pengo hilo halikai tupu. Darsa ndiyo iliyolijaza tangu enzi: saa moja kati ya Magharibi na Isha, sheikh ameketi, watu wamemzunguka kwa duara, kitabu kimoja kinasomwa mistari mitano mitano kwa miaka. Akina mama wana zao za mchana. Maulidi nayo ni darasa, pamoja na dufu na pilau, ingawa msikiti wa mtaa wa pili watakuambia ni uzushi, na mzazi anayehama mtaa agundue mapema ametua upande gani, asije akashangaa mtoto akirudi nyumbani na kuikemea birthday ya dada yake. Kisha zikaja redio, Kheri na Imaan, na mama anapeta mchele huku anasikiliza mirathi. Sasa ni vipande vya dakika mbili kwenye WhatsApp.

Sivichukii vipande. Nimejifunza humo. Lakini darsa ya duara ina vitu ambavyo kipande hakina. Ukiuliza swali la kijinga sheikh anakuona uso, anajua wewe ni mlevi uliyeacha juzi au mjane wa wiki tatu, na jibu linabadilika. Jirani yako anasikia swali lako na anagundua kumbe si yeye tu. Ukikosea, unasahihishwa na mtu utakayekutana naye kesho dukani. Kipande hakijui kama umeelewa, na hakina habari kwamba mfano uliotolewa ulikuwa wa watu wa nchi nyingine wenye sheria nyingine. Mwaka jana jamaa yangu mmoja nusura amfukuze mkewe kwa sababu ya kipande kilichokatwa katikati ya sentensi. Nusu ya pili ya sentensi, tulipoitafuta, ilikuwa inasema "isipokuwa".

Ndiyo maana siku hizi baadhi ya misikiti hapa mjini imefungua madrasa za watu wazima. Wa kwetu hukutana Jumapili baada ya Alasiri. Tuko kumi na mmoja: dereva wa noah, muuguzi, wawili waliosilimu karibuni, mimi, na mzee mmoja aliyestaafu uhasibu serikalini, ambaye hesabu zake zimekaguliwa miaka thelathini bila hoja. Maalimu akichelewa kwenye cherehani, wale watoto wakubwa wa Njoro ndio wanaotushika.

Jumapili iliyopita mzee alikuwa kwenye ukurasa wa tatu wa herufi. Miwani imeteremka puani, kidole chini ya neno. Akasoma. Kijana wa miaka kumi na miwili akapiga sakafu, polepole kidogo kuliko anavyowapigia wadogo zake.

"Babu, hiyo ni ha ya kooni. Rudia."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akarudia.